Mpimaji wa Maji Ambayo Hayajaja

Kwa miaka mingi nilifanya kazi chumba kimoja na mtu aliyenunua machungwa mabovu. Wauza matunda wa soko la Moshi walimzoea. Asubuhi ya safari alipita kwenye mafungu yao akibonyeza chungwa moja moja, na lile ambalo mteja mwingine angelirudisha, yeye alilipokea kwa furaha.

"Hilo limeanza kulegea, mzee," muuzaji mwaminifu alimwonya.

"Ndilo ninalolitaka," alijibu. "Haliendi mdomoni hili."

Lilikwenda mtoni. Ofisini tulimwita Mpimaji, na huko mlimani walimwita vivyo hivyo, nami sitampa jina jingine hapa. Kazi yake ilikuwa kukisia maji makubwa. Si maji yanayopita mtoni leo, bali yale ambayo mto unaweza kuyateremsha siku iliyo mbaya kuliko siku zake zote, ili anayejenga daraja ajue aliweke juu kiasi gani. Mimi nilikuwa mchoraji wa ramani. Alikokwenda na mkanda wake wa kupimia, nami nilikwenda na karatasi zangu. Ndivyo binti wa mjini, niliyelelewa nyuma ya msikiti, nilivyokuja kuijua mito inayoshuka Kibosho na Masama kama watu wanavyowajua shangazi zao: upi mpole, upi una hasira za ghafla, upi unasema sana na hauna kitu.

Chungwa, alinieleza, huelea likiwa limezama karibu lote, kwa hiyo upepo haulisukumi. Linakwenda kama maji yanavyokwenda. Alihesabu hatua hamsini ukingoni, mimi nikasimama chini na saa ya mkononi, yeye juu akatupa, nami nikaandika sekunde. Tulipima kasi ya mito mingi kwa njia hiyo, na hatukufikiria machungwa yanaishia wapi, mpaka siku moja mwanamke akapandisha kilima na karai la nguo kichwani, akatuuliza nani anayetupa matunda mtoni. Mpimaji akakiri. Akadhani anashtakiwa.

"Tunaofua kule chini tumeyaokota tangu asubuhi," mwanamke alisema. "Wenzangu wamenituma nikuombe, ukija tena uteremshe na sabuni."

Safari iliyofuata alikuja na mche wa sabuni, akaufunga juu ya kipande cha mgomba, akauachia. Nilipima sekunde zake vilevile. Kwenye daftari la serikali, chini ya safu iliyoandikwa "chombo kilichotumika", aliandika kwa mwandiko wake mzuri: sabuni. Baadaye mkubwa wetu alimwita kumuuliza. Alijibu kwamba kasi ilikuwa ile ile, na kwamba wanawake wameshukuru.

Mtu huyu aliyekula mkate wake kwa mito aliogopa maji. Hakujua kuogelea, na hata maji ya magotini yalimfanya aseme peke yake. Akilazimika kuingia mtoni alifunga kamba mbili kiunoni, ncha ya moja kwenye mti na ya pili kwa dereva wetu, mwenyeji wa Kibosho aliyekuwa na mwili wa gunia la mahindi. Nilimuuliza kwa nini hanipi mimi ncha moja.

"Wewe una ramani," alisema. "Mimi nikienda, kazi ibaki."

Lakini mvua ilimlevya. Dirisha la ofisi yetu lilitazama mlima, na mlima ulipoanza kuwa mweusi upande wa msitu, kalamu yake ililala. Alisugua viganja, akasimama, akatembea kati ya meza akisema, "Haya, haya, haya," kama bwana harusi anayeambiwa gari la bibi harusi limefika. Nilicheka, na kucheka kwangu kulimzidishia. Kisha ghafla alijikumbuka, akaketi, akaweka mikono mapajani. "Kuna watu wana nyumba kule," alisema. Dakika tano baadaye alikuwa dirishani tena.

Hiyo ilikuwa miaka ambayo kila kitu kilikuwa kinafunguliwa isipokuwa hazina ya ofisi yetu. Mjini maduka yalijaa bidhaa ambazo hatukuwa tumeziona tangu utoto, mabasi ya watu binafsi yalishindana kwa rangi, na sisi tulichora mito nyuma ya karatasi zilizokwisha kutumika na kusubiri mafuta ya Landrova wiki mbili. Mpimaji alinufaika na soko huria mara moja. Kwenye mitumba alipata koti la mvua la njano, zito, refu mpaka kwenye vifundo, lenye vifungo vya umbo la maua. Lilikuwa la kike, mtu yeyote aliliona. Yeye aliona kwamba halipitishi maji. Alilivaa mbele ya madiwani, mapadri na wahandisi, akafunga maua yote sita mpaka kidevuni, na sikumbuki mtu aliyethubutu kumwambia.

Vyuma vya kupimia kina, vile vibao vyenye namba vinavyosimamishwa mtoni, vilianza kuibwa na kuuzwa kama chakavu. Siku moja huko Masama tulikuta kimoja kimegongomelewa kwenye mlango wa banda la kuku. Nilitegemea agombe. Alichuchumaa, akaweka miwani, akasoma kwa makini.

"Kuku wako," alimwambia mwenye nyumba, "wamefika mita moja na nusu. Wakizidi hapo, hamisha watoto."

Mwenye nyumba alicheka mpaka akashika mti. Kisha akaenda ndani, akaleta nyundo, akaking'oa kibao mwenyewe na kutukabidhi, pamoja na mkungu wa ndizi za mtori.

Vitabu vya vipimo tulivyokuwa navyo ofisini vilikuwa vya miaka michache, vyenye mapengo ya miezi mizima ambayo msomaji wa kibao aliugua au alikwenda msibani. Kwa hiyo Mpimaji aliamini zaidi vitabu vyenye miguu, yaani wazee. Aliwauliza maji yalifika wapi mwaka ule mbaya. Alikuwa na kanuni ya kuwasikiliza, na alinifundisha kwa uzito wote. "Mwanamume akisema maji yalimfika shingoni, andika kifuani. Mwanamke akisema magotini, andika magotini. Aliyekwisha kunywa mbege, funga daftari, mrudie kesho." Wazee wawili wa Kibosho waliwahi kubishana mbele yetu karibu saa nzima, mmoja akisema maji yaliingia kanisani, mwingine akisema yaliishia mlangoni. Yeye alikuwa katikati yao, anageuza kichwa huku na huku, uso umejaa raha kama mtu aliye kwenye mechi. Mwishowe akagundua kwamba walikuwa wanazungumzia makanisa mawili tofauti.

Kisha likaja lile daraja.

Mto wenyewe uko Kibosho na sitautaja, maana watu wake wapo. Walivuka kwa magogo. Masika yaliyotangulia mama mmoja alikuwa amejifungulia ukingoni akingoja maji yapungue ili apelekwe hospitali, kwa hiyo kijiji kilitaka daraja, na kililitaka upesi. Fedha za wafadhili zilipatikana, na mhandisi kijana akaletwa kutoka Dar es Salaam na kompyuta ndani ya sanduku. Alikuwa kijana mzuri, mwenye adabu. Alichukua vitabu vya vipimo, akatafuta maji makubwa kuliko yote yaliyoandikwa, akaongeza ya tahadhari, akapata urefu wa daraja. Akamwonyesha Mpimaji.

"Hesabu yako haina kosa," Mpimaji alisema. "Vitabu vyako vina umri gani?"

"Havifiki miaka ishirini, mzee."

"Na mto?"

Kijana akatabasamu, akadhani ni utani.

Tulianza kuuliza wazee, na wote wakatuelekeza kwa bibi mmoja aliyekuwa mkubwa kuliko wao. Tulimkuta kwenye kihamba chake, shamba la migomba na kahawa lililozunguka nyumba, akimenya ndizi. Hakusema Kiswahili. Mpimaji alijaribu Kichagga chake cha Masama, ambacho na kile cha Kibosho ni ndugu wasiosikilizana vizuri, bibi akacheka kwa kutomwelewa, na dereva akawa mkalimani. Alipoulizwa juu ya mafuriko aliacha kucheka. Akachukua fimbo yake, akatutembeza kati ya migomba, si kuelekea mtoni bali kando, mpaka kwenye mibuni iliyokuwa juu kiasi kwamba mto ulisikika tu, hauonekani. Akachomeka fimbo ardhini.

"Mdogo wangu alisimama hapa," dereva alitafsiri. "Alikuwa ameshika kamba ya mbuzi."

Mpimaji alikuwa na swali lake la siku zote. "Muulize maji yalimfika wapi mwilini."

Dereva akauliza. Bibi akajibu neno fupi. Dereva akatugeukia.

"Anasema mwili hawakuuona."

Sikuwahi kumwona Mpimaji akifunga daftari bila kuandika. Siku hiyo alilifunga. Alivua kofia, akakaa na yule bibi chini ya mibuni muda mrefu, hawana lugha ya pamoja, na walipoinuka bibi ndiye aliyemshika mkono.

Mhandisi alipopelekwa pale alitazama chini kule mto ulikokuwa, akatazama fimbo. "Mzee, kwa heshima zote, haya ni maneno ya bibi mmoja aliyekuwa mtoto."

Mpimaji akaomba jembe. Kwa ruhusa ya bibi alichimba shimo kati ya mibuni, yeye mwenyewe, jasho likimtiririka ndani ya koti la maua. Udongo mweusi ulikuja kwanza, kiasi cha mkono mzima. Chini yake jembe likabadilisha sauti. Akapiga magoti, akatoa konzi ya mchanga mweupe, msafi, na vijiwe vya mviringo, laini kama mayai ya njiwa. Akavimimina kwenye kiganja cha mhandisi.

"Mchanga wa mto haupandi kilima kwa miguu," alisema. Na hapo furaha yake ikamrudia yote, akacheka, akachimba shimo la pili, akapata tena, akaniita nione, akamwita dereva aone, akamwita na mbwa wa bibi.

Tulisimamisha darubini ya miguu mitatu, tukapima kutoka kwenye fimbo mpaka mtoni, nikachora. Mpimaji akapiga hesabu, na daraja likapanda juu kuliko la mhandisi kwa zaidi ya urefu wa mtu.

Tatizo ni kwamba daraja la juu lilihitaji tuta refu pande zote mbili, na fedha za tuta hazikuwepo. Mawe yangebebwa na wanakijiji, kila kaya kwa zamu, na kazi ingeongezeka miezi mingi. Mkutano ukaitwa Jumapili baada ya misa, uwanja wa shule. Mpimaji alieleza juu ya mchanga, na kwamba maji ya namna ile hukadiriwa kuja mara moja katika miaka mia. Watu walisikiliza kwa upole wa watu waliokwisha kuamua kukataa. Mzee mmoja akasimama.

"Umesema hayo ni maji ya miaka mia. Basi yalishakuja, bibi akiwa mtoto. Mia bado haijatimia. Tujenge la chini, wajukuu watajenga la juu."

Watu wakapiga makofi. Mpimaji pia akapiga makofi, kwa maana swali hilo alilipenda kuliko maswali yote duniani. Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa soksi ndefu ya mpira wa miguu, imevimba.

"Ni mpya," alisema. "Haijavaliwa."

Ndani kulikuwa na maharage mia moja, tisini na tisa ya njano na moja jekundu. Akaeleza kwamba kila mwaka Mungu anaingiza mkono bila kutazama, anatoa harage moja, kisha analirudisha. Likitoka la njano, mwaka ni wa kawaida. Likitoka jekundu, ni maji ya bibi. Mwaka ujao soksi ni ile ile. Soksi haikumbuki. Akamwomba mwenyekiti wa kijiji, mwanamume mnene aliyekuwa akitazama saa, achote mwaka mmoja tu, watu waone jinsi jekundu lilivyo adimu, ila lipo.

Mwenyekiti akafumba macho kwa madaha, akaingiza mkono, akatoa, akafungua kiganja.

Lilikuwa jekundu.

Mama mmoja akapiga yowe, katekista akafanya ishara ya msalaba, na uwanja mzima ukasimama. Mwenyekiti alilishika lile harage kana kwamba linaunguza. Mtu pekee aliyefadhaika kwa namna tofauti alikuwa Mpimaji. Alikimbia katikati, mikono juu.

"Lirudisheni. Jamani, hii haina maana yoyote. Ni bahati tu. Harage haliujui mto."

"Mzee," mwenyekiti alisema, "umelitoa kwenye soksi yako mwenyewe na bado unabisha?"

Aliwasihi wachote tena. Hakuna aliyekubali kuingiza mkono. Kura zikapigwa na daraja la juu likapita, na mzee aliyepinga ndiye aliyejiandikisha wa kwanza kubeba mawe.

Njiani kurudi Moshi Mpimaji alicheka mpaka dereva akasimamisha gari. Mimi nilikuwa nalia kwa kucheka. Kila tulipotulia mmoja wetu alisema "soksi haikumbuki" na tukaanza upya. Kisha, karibu na mjini, Mpimaji akaacha kucheka.

"Nimeshinda kwa wizi," alisema.

"Hukuiba."

"Niliwaletea mchanga. Wao wamekubali harage."

Jumapili iliyofuata alipanda Kibosho kwa nauli yake, akaomba dakika kumi baada ya misa, akachota mbele yao mwenyewe mara thelathini. Njano tupu. Akawaeleza tena kwamba jekundu la mwenyekiti halikuthibitisha kitu, na kwamba kama mtu anataka kubadili kura yake ana haki. Walimpigia makofi kwa moyo wote. Hakuna aliyebadili, na kesho yake wakaanza kubeba mawe.

Mwaka wa El Niño ulipofika, Mpimaji alikuwa amekwisha kupunguzwa kazini pamoja na nusu ya ofisi. Hiyo haikumzuia. Mvua zilipozidi siku kadhaa mfululizo nilimkuta stendi na koti lake la njano, anakwenda kule, nikaongozana naye. Nusu ya kijiji ilikuwa juu ya daraja. Mhandisi naye alikuwepo, safari hii bila sanduku. Mto ulikuwa umegeuka rangi ya kahawa iliyochanganywa na maziwa, unabeba magogo na migomba na mlango wa nyumba ya mtu, na ulinguruma hivi kwamba tulizungumza kwa vidole. Ulipanda mpaka adhuhuri. Kisha ukasimama, ukaanza kushuka.

Mhandisi akateremsha mkanda, akapima. Alisubiri kelele zipungue kidogo, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwamba daraja la kwanza, lile la chini, lingepona. Maji yangepita shubiri mbili chini yake.

Watu wakatazamana. Walikuwa wamebeba mawe yale kwa miezi. Mwenyekiti akainama juu ya reli, akatazama chini, mbali, kule maji yalikokuwa.

"Kumbe tumejenga ghorofa," alisema.

Kicheko kilichofuata kilishinda mto. Tangu siku hiyo jina la daraja ni Ghorofa, na hakuna harusi ya upande ule isiyokuwa na mzaha juu ya mzee wa soksi aliyewabebesha watu mawe. Yeye siku ile alicheka kuliko wote, ameshika reli, vifungo vya maua vinaruka kifuani. Mhandisi akamsogelea, akamwambia sikioni, nami nikasikia kwa sababu ilimbidi apaze sauti, "Mzee, langu lingepona. Lakini nisingesimama juu yake leo kama ninavyosimama hapa."

Mara ya mwisho kukutana naye ilikuwa Bomang'ombe, miaka kadhaa baadaye. Nilikuwa nimepeleka ramani kwenye ofisi za wilaya, na nilipokuwa natafuta gari la kurudi Moshi nikamwona kwenye kibanda cha kinyozi, shuka jeupe shingoni, povu kidevuni.

"Shikamoo, Mpimaji."

"Marahaba, mchoraji. Usinigeuze, huyu ana wembe."

Nikakaa kwenye benchi, tukazungumza kupitia kioo. Alikuwa amekonda. Aliniambia ameng'oa mibuni kwa sababu kahawa haina bei tena, amepanda nyanya, na mke wake anasema nyanya zinamsikiliza kuliko watoto. Mimi nikamwambia nilikuwa Kibosho kwenye harusi ya binti wa dereva wetu, na mshereheshaji alimtaja.

"Alisemaje?"

"Alisema bwana harusi amejiandaa kama Ghorofa, juu sana, na maji hayatakuja."

Alifurahi sana. Kisha akauliza, "Na kweli hayajaja?"

"Hayajaja."

"Hata kukaribia?"

"Hata kukaribia."

Akafumba macho, kinyozi akapitisha wembe shavuni. Nikaona ni wakati wa kumuuliza jambo ambalo miaka yote nilikuwa nimelikwepa.

"Haikuumi, Mpimaji? Wanakwambia ulikosea, na huenda tukaondoka wote duniani bila wao kujua kama ulikuwa sahihi."

Kinyozi akafuta wembe kwenye kitambaa, akautumbukiza kwenye kikombe cha maji.

"Siku ile bibi alipochomeka fimbo," alisema, "nilikaa pale chini nikapiga hesabu ya maji yale kichwani. Nilipata jibu kabla hatujainuka. Nikaogopa. Tangu siku hiyo, masika yakianza nina sala moja tu. Namwambia Mungu, nifanye mpumbavu mwaka mmoja tena."

"Na anakusikia?"

Alifungua macho, akanitazama kwenye kioo.

"Mwanangu, ananisikia mno. Hata walevi wa Kibosho wanajua mimi ni mpumbavu."

Kicheko kilianza mabegani, kikashuka kwenye shuka, povu likamruka kidevuni. Nami sikuweza kujizuia, na benchi likatikisika. Kinyozi, ambaye hakujua tunacheka nini, akauinua wembe juu, akangoja.